Mpaka Kumi

Joho jekundu lilipotokeza mlangoni, watu walipiga kelele hadi kunguru wakaruka kwenye mikaratusi. Brigita peke yake alinyamaza.

Miaka yote ya ndoa hakuwahi kwenda kumtazama mumewe, Mathias, akipigana. Bondia wa uzito wa juu yule, mwili kama magunia mawili ya mahindi! Wanasema aliwahi kumtandika mtu hapa Songea, mtu akaenda kuzindukia Mbinga. Lakini kila alipombembeleza mkewe aje, jibu lilikuwa moja: "Nitakuja siku unastaafu. Tena nitakuhesabia mwenyewe mpaka kumi."

"Basi pambano hili ndilo la mwisho," Mathias aliahidi. Likaja jingine la mwisho, na jingine. Daktari alimwonya kuhusu kichwa chake: konde moja zito la kushoto, basi. Akacheka.

Leo Brigita alikuwa amekaa mstari wa mbele, macho makavu. Tangu Jumamosi hakula wala hakusema neno. Dada yake, Asumpta, alimshika mkono kwa nguvu. Alihofu kwamba mdogo wake asipofungua mdomo leo, hataufungua tena.

Asumpta aliangaza huku na huku akimtafuta Chande, mtani wa Mathias, fundi wa kumwiga hata anavyokoroma. Pengine yeye angemchekesha. Hakumwona.

Joho lilikuja likichechemea mguu wa kulia, kama siku zote. Glavu zilezile zilizochanika. Kofia ya joho imefunika uso. Likasimama mbele ya Brigita.

"Mama Pamela! Leo umefika! Ulikuwa unaniogopa mimi, au unawahurumia ninaowapiga?"

Watu wakaangua kicheko. Brigita akatazama pembeni.

"Yuko wapi huyo?" sauti ile nzito ikanguruma. "Aje mbele! Mwambieni asinivizie kama mwizi wa kuku!"

Kicheko kikakatika. Mawingu meusi yalikuwa yakishuka kutoka milima ya Matogoro.

Makonde yakaanza. Kulia, kulia, chini, juu! Vumbi jekundu likatimka. Mara kichwa kikatupwa nyuma. Konde lenyewe hakuna aliyeliona. Mwili ukaanguka chali, miguu ikatetemeka, ikatulia.

"Nani anahesabu?" mtu akauliza.

Asumpta akahisi mkono ukichomoka kwenye mkono wake. Brigita alikuwa amesimama.

"Moja," akasema, sauti ikikwaruza. "Mbili. Tatu."

Alipofika saba machozi yalikuwa yakimtiririka. Kwenye tisa kicheko kikamponyoka katikati ya kilio.

"Kumi. Umestaafu, Baba Pamela."

Ndipo Chande akafumbua macho, akainuka, akajipangusa vumbi. Akavua glavu za marehemu, akaziweka taratibu juu ya jeneza.

"Haya, Padri," akasema. "Ameshahesabiwa. Mshusheni."