Uwanja wa Shule

Shekue alikuwa akifagia uwanja wa shule kwa kitrekta kilichokokota fagio la magurudumu, lile lenye brashi zinazozunguka na kurusha majani ndani ya kapu la turubai. Alipopita chini ya tangi la maji, kapu likawa zito ghafla. Akaenda kwenye shimo la taka, akavuta kamba kulipindua. Pamoja na majani walimwagika tetere, wale njiwa wadogo, wapatao thelathini, wote wamekufa, miili yao ingali na joto.

Alimwita mwalimu mkuu, Bi Nasieku. Mama huyo alitazama mara moja tu, akageuza uso.

"Wachome pamoja na majani," alisema. "Wazazi wanafika saa nane."

"Mwalimu, wote walikuwa pale wanapokunywa, kwenye maji yanayochuruzika kutoka tangini."

"Shekue, kazi yako ni uwanja."

Shekue aliondoka. Alikuwa anapanda kitrekta kengele ya mapumziko ilipolia. Wanafunzi wakatoka madarasani na vikombe vyao, wakikimbilia mabomba ya tangi lile kama kila siku. Shekue akakanyaga mafuta, akakatiza nyasi huku fagio likirukaruka nyuma yake, akasimama mbele ya mabomba. Akazima injini, akatia ufunguo mfukoni.

"Leo hakuna kunywa," aliwaambia.

Bi Nasieku alikuwa anakuja kwa hatua ndefu, akiita jina lake. Watoto walisimama na vikombe vitupu. Upande wa pili wa kitrekta, karibu na bomba la mwisho, msichana mmoja alikuwa akijifuta midomo kwa mkono wa sweta.