Ubao Haulazimishwi

Ubao ulipasuka tena mkononi mwa Ronnie. Njeri, aliyesimama mlangoni na trei ya chai, akafumba macho akingoja radi.

Radi haikuja.

"Si kitu," alisema baba yake, Mzee Wainaina. "Mbao zipo. Chukua mwingine."

Njeri akafumbua macho. Huyu ndiye aliyemfukuza mwimbaji wa kwaya kutoka gereji hii hii, hapa ughaibuni mtaani St Marys, kwa kosa la kupaka gundi kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Leo anatabasamu.

"Ubao haulazimishwi," Mzee akaendelea, akitumbukiza kipande chembamba kwenye karai la maji ya moto, kando ya merikebu ndogo ya mapambo waliyokuwa wakiiunda. "Ukiukunja mkavu unavunjika. Uloweshe, uungoje, halafu uulaze pole pole juu ya mbavu za merikebu. Utakubali wenyewe."

"Na usipokubali?"

"Unaurudisha majini. Mnaongea habari nyingine."

Ronnie akacheka. Alikuwa kijana wa kompyuta, ofisini Parramatta, mwenye vidole vilivyozoea kubonyeza tu. Mzee alimshika mlangoni mwa kanisa Jumapili moja, akamuuliza, "Kijana, una mikono? Njoo Jumamosi." Mama yake, aliyemlea peke yake tangu baba yake afariki, akasema mwaliko wa mtu mzima haukataliwi. Basi akapanda treni kutoka Merrylands akaja.

Kanisani hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mzee aliyefiwa na mke, mwenye binti mmoja, tena nesi, tena mcha Mungu, hamwiti kijana wa watu kila Jumamosi kwa ajili ya gundi.

"Hapo kuna harusi," alisema Mama Spéciose akigawa maandazi baada ya ibada. "Mzee anampima kijana."

Na kweli alikuwa anampima. Alimpa msasa aone kama atachoka. Alimfundisha kubandika ubao mmoja kushoto, mmoja kulia, kwa zamu, maana ukimaliza upande mmoja kwanza merikebu nzima inapinda. Alimwonyesha kupitisha nyuzi kwenye nta ya nyuki ili zisitoe manyoya. Ronnie alikosea, akabandua, akaanza upya, wala hakununa. Siku alipokunja ubao, akaubana kwa vibanio vya nguo, ukakaa bila hata ufa, Mzee alimpiga begani.

"Unaona? Mikono ulikuwa nayo. Ilikosa kazi tu."

Jikoni Njeri alinong'ona, "Dad, si umuulize tu yaishe."

"Bado. Maji hayajaingia."

Ronnie naye hakuja mikono mitupu. Mama yake alimpa chombo cha plastiki, leo chapati, Jumamosi nyingine samaki wa kukaanga. Juu ya kifuniko kulikuwa na utepe mweupe wenye jina lake, Wilkister. Akina mama wote wa kanisa lile huandika hivyo, la sivyo baada ya sherehe chombo chako kinaenda kuishi kwa watu, mtaa wa mbali wa Liverpool.

"Vile vizuri vyote vinakuja huku," Ronnie alilalamika. "Mimi siku hizi nala mabaki."

"Vumilia," Mzee akamwambia, akikipeleka chombo ndani mwenyewe.

Na kwa kuwa alilelewa vizuri, hakukirudisha kitupu hata mara moja. Kilirudi na nyanya za bustani yake, au sukuma wiki, au mayai. Ila mara moja kilirudi kimefunikwa kwa karatasi ya foili.

"Mama anauliza kifuniko," Ronnie alisema Jumamosi iliyofuata.

"Mwambie natafuta," alijibu Mzee bila kuinua macho. "Gereji hii inameza vitu."

Merikebu ikakua. Milingoti ikasimama. Matanga yakakatwa kutoka shati kuukuu la Mzee na kulowekwa kwenye chai ya rangi, yakatoka kama yameshapigwa na jua la safari nyingi. Likabaki jina. Rafuni zilikuwepo merikebu mbili za zamani, moja ikiitwa kwa jina la mama yake Mzee, ya pili kwa jina la marehemu mkewe.

"Jina huja mwisho," Mzee alipenda kusema. "Na haliandikwi na mgeni."

Ya tatu itaitwa nani, kanisa zima lilijua. Mama Spéciose alikuwa ameshaulizia vitenge.

Siku ya jina ilipofika, Mzee alivaa tai chini ya aproni. Njeri alibadilishana shifti na mwenzake ili awepo. Mzee aliomba, na maombi yakawa marefu kuliko merikebu ya mbao inavyohitaji. Kisha akachukua brashi ndogo, akampa Ronnie.

Ronnie akarudi nyuma hatua. "Mimi, mzee? Si ulisema haliandikwi na mgeni?"

"Nilisema."

Kijana akaitazama brashi, akamtazama Njeri. Maneno ya kanisani yalikuwa yamemfikia naye.

"Mzee, usinielewe vibaya. Watu wanasema mengi. Lakini Njeri mimi namwona kama dada yangu."

"Amina," walisema baba na binti kwa pamoja.

Mzee Wainaina akavuta droo. Akatoa kifuniko cha plastiki chenye utepe mweupe ulioandikwa Wilkister, akakiweka taratibu mbele ya kijana.

"Kwenu mwanamume ni wewe," alisema. "Ukiniruhusu, nakili jina hilo."