Nafasi za Watoto wa Bondeni

Ifahamike kwa umma wote, wa karibu na wa mbali, kwamba binti wa daktari wa meno alikuwa msichana jasiri asiyetishwa na kitu chochote. Hivi sasa alikuwa uvunguni.

"Toka huko, mjukuu wangu," alinong'ona bibi wa kukodi. "Afisa anabisha hodi."

Chumba nacho kilikuwa cha kukodi. Shule moja kubwa ilikuwa imetenga nusu ya nafasi zake kwa watoto wa bondeni, wachukuliwe hata kwa alama za chini. Watoto wa mlimani, wenye walimu wa kuwafuata nyumbani, wagombee nusu nyingine wao kwa wao. Binti alikuwa na alama za chini tayari. Alichokosa ni bonde. Baba akamhamishia humu na onyo moja: ukigundulika, shule ndiyo basi.

Afisa wa shule aliingia, akakalia ndoo.

"Shikamoo," binti alisema kwa sauti ya mbu.

"Marahaba. Unaishi hapa?"

"Tangu nizaliwe."

"Maji mnateka wapi?"

Binti aliutazama ukuta. Kwao maji yalitoka ukutani.

"Kwa... yule mama..."

"Mama Kelele," bibi alidakia. "Mtoto anaogopa hata kumtaja. Nani hamwogopi?"

Afisa alicheka. Kisha akaitazama mikono ya binti, laini kama ya kichanga.

"Mikono hii haijawahi kubeba ndoo."

"Mvivu huyo!" bibi alifoka. "Nimemdekeza, sasa ananimaliza!"

Afisa aliendelea kuikagua mikono. Inzi alitua kwenye pua ya binti, naye hakuthubutu kumfukuza.

"Haya, nimeridhika," afisa alisema akiinuka. "Wewe ni wa bondeni kabisa. Pole sana, mwanangu."

"Pole ya nini?"

"Mwaka huu waombaji wa bondeni wamefurika, tunachukua wenye alama za juu tu. Nafasi za mlimani ndizo zimebaki tupu. Hakuna hata mtoto mmoja wa kule aliyeomba. Angeomba, angeingia hata kwa alama zako."

Binti aliruka. Akaling'ang'ania koti la afisa.

"Nisamehe! Nimekudanganya! Mimi ni wa mlimani, baba yangu ni daktari wa meno, na huyu si bibi yangu!"

Afisa alijinasua taratibu, akamgeukia bibi.

"Mtaa huu una nini leo? Kila nyumba niliyoingia, mtoto ananiambia hivyohivyo."