Matone ya Kukua

Raya alikuwa na miaka arobaini na moja, lakini mwili wake ulikuwa wa mtoto wa miaka tisa. Kizazi chake kilizaliwa na chembe za urithi za aksolotli, kiumbe wa majini anayebaki na umbo la utotoni maisha yake yote. Hakuna aliyekua kupita utoto wala kuzeeka mpaka anywe matone ya dawa ya kukua. Wenzake walishakunywa, wakaota mvi. Kila Raya alipoyataka, mama yake, Bi Kazija, alimjibu, "Bado mapema, mwanangu."

Asubuhi moja Bi Kazija aliteleza bafuni. Raya alimvuta akashindwa kumwinua, ikabidi akawaite majirani, nao wakamkuta sakafuni bila nguo.

Walipokwisha kumkalisha kitandani na kuondoka, Raya alileta kichupa cha matone.

"Mama, nataka nikue."

"Ukinywa utazeeka, Raya. Utakufa kama mimi."

"Najua. Lakini siku nyingine nitakuinua mwenyewe."

Kifuniko kiliushinda mkono wake mdogo, akampa mama yake. Bi Kazija alikifungua, akamrudishia.

"Njoo nikupakate kwanza," alisema.

Raya akapanda mapajani, kichupa mkononi. Nyonga ilimuuma Bi Kazija, lakini hakumwachia.