Meno ya Msuka Mikeka

Mwenye binti na asikie haya. Kaburi la kale lilifunuliwa pembeni mwa mji, na wanawake wasuka mikeka wakaenda kutazama. Mchimbaji wa mambo ya kale, binti mwenye sauti ndogo, alikuwa akilifuta fuvu kwa brashi kama anayemwosha mtoto aliyelala.

"Oneni meno ya mbele," alisema. "Yana vijifereji. Mama huyu alichana ukindu kwa meno maisha yake yote."

"Mwenzetu huyo!" Bi Mgeni akacheka. "Mwamsheni, tuna mikeka ya harusi!"

Bi Rehani hakucheka. Alikuwa ameona tundu kwenye taya, kidole kinaingia.

"Na hilo?"

"Usaha wa jino lililolika, mama. Ulitoboa mfupa. Nadhani ndio uliomuua."

Bi Rehani alirudi nyumbani njia ikielea machoni pake kama iko chini ya maji. Uani alimkuta bintiye Shemsa amekaa kwenye jamvi, ukindu mdomoni, kama alivyomfundisha yeye mwenyewe.

"Toa mdomoni, mwanangu. Tumia kisu."

"Mama nawe! Si ulisema kisu ni cha wavivu?"

"Nilisema. Leo nasema lingine."

Shemsa akatabasamu bila kuachia, na ukindu ukapasuka taratibu kati ya meno yake meupe. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kidogo tu, kama la mtoto aliyeficha peremende. Bi Rehani akapiga magoti mbele yake, akakinga kiganja chini ya kidevu cha bintiye, akangoja ateme ukindu.