Jani la Sale

Msimu wa kung'oa ulipofika, wanafunzi wa chuo cha bustani walitawanywa vijijini kung'oa mimea yote ya nje, maana sheria iliruhusu mmea kuota ndani ya kitalu nyumba tu. Ndeshi alipangiwa kwao, Marangu. Alipomaliza migomba alifika kaburini kwa baba yake, penye masale, mimea ya majani marefu, aliyoyapanda mama.

“Hata haya ya baba yako, Ndeshi?”

“Nisipong'oa watanifukuza chuo, mama.”

Akayang'oa na mizizi yake, akayachoma. Mama akajifungia ndani.

Kwa Wachaga, mkosaji humpelekea aliyemkosea jani la sale, naye akishalipokea hana budi kusamehe. Ndeshi alizunguka shamba zima akitafuta japo moja, kisha akasimama mlangoni mikono mitupu, asithubutu kubisha hodi.