Namna ya Kumwamsha Bi Mize

Sheria ilikuwa moja kwa nyumba zote: roboti ya nyumbani hutekeleza kila amri kwa namna inayomfaa kila mtu, ila namna yako huruhusiwi kujiandikia. Lazima uandikiwe na mwenzako. Asiyeandikiwa hufanyiwa namna ya jumla, kama mgeni.

Siku alipokagua maelezo ya roboti yao kwa mara ya kwanza, Mkasiwa alifungua ukurasa wa amri ya "Amsha". Chini ya jina lake alikuta maneno ya mama mkwe wake, Bi Mize: "Usimguse bega, hushtuka kama anayengoja kofi. Weka chai karibu yake, iache inukie. Ataamka mwenyewe."

Machozi yakamlengalenga. Miaka tisa ameamshwa na harufu ya tangawizi, asijue ni nani aliyeiona hofu yake na kuinyamazia.

"Mama, ahsante," alisema.

"Ya nini tena, mwanangu?" Bi Mize alicheka, huku akichambua mchicha.

Mkasiwa akalitafuta jina la mkwewe. Halikuwamo. Kumbe king'ora kinachomkurupusha kila alfajiri ndiyo hiyo namna ya jumla!

Akaandika haraka, "Kwa Bi Mize," kisha kidole kikabaki hewani. Miaka tisa meza moja, na hakujua hata kama mama huyu hunywa chai kwa sukari au bila.